Maswali Yenu: mbwa kwenye waya, dadu ya ludo na binti aliyepata 10.8

Jamani hamjambo. Mwezi uliopita niliandika vijistari vichache tu kuhusu simulesheni, zile programu za kompyuta ambazo mwanafunzi anaunga waya, anaachia jiwe libembee, anapasha gesi moto, vyote kwenye skrini bila kuvunja glasi hata moja, nikasema walimu wa sayansi na hesabu wazijaribu. Sikutegemea barua zote hizi. Nyingi zinauliza kitu kilekile kwa hiyo nimechagua sita, na kama yako haipo usinune, huenda jibu lako liko ndani ya la mwenzio.

"Jambo mwalimu. Nafundisha fizikia S.3 (sekondari mwaka wa tatu) huku Arua, darasa lina watoto 84. Chumba cha kompyuta kina mashine 20, zinazowaka ni 6. Projekta ipo moja, hedimasta anaifungia kabatini kama dhahabu. Intaneti ni ile ya simu yangu mwenyewe. Sasa hizo simulesheni zako nazifundishaje hapa, au ni mambo ya shule kubwa za Kampala tu?" (Ticha, Arua)

Ticha wangu, pole, na hongera kwa kuuliza badala ya kukata tamaa kimyakimya kama wengi wetu. Nianze na intaneti maana hiyo ndo rahisi kuliko unavyodhani. Zile ninazotumia mimi zinaitwa PhET, zilianzishwa 2002 na Carl Wieman pale Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, huko Marekani, huyo mzee alikuwa amepata Nobel ya fizikia mwaka mmoja tu kabla yake, 2001, akaamua ahangaike na namna watu wanavyofundishwa. Ni za bure kwenye tovuti yao na zingine zimetafsiriwa hata kwa Kiswahili. Kila moja inashuka kama faili moja la megabaiti chache, unaliweka kwenye flashi, unalifungua na brauza ya kawaida, haihitaji intaneti tena. Kwa hiyo siku ukienda mjini kwa mtu mwenye waifai shusha kumi za mwaka mzima umalize kazi, usitumie bando lako, data yenyewe tangu Julai 2021 ina ushuru wa asilimia 12 juu yake na mshahara wa ticha sote tunaujua.

Sasa watoto 84 na mashine 6. Mimi nakwambia siku ya kwanza sahau hizo 6. Nilikosea hapo mwenyewe, shule niliyokuwa nafundisha wakati huo sitaitaja, niliwaingiza wote chumba cha kompyuta, nikawaambia fungueni ile ya kuunga saketi, jaribuni. Kwenye ile simulesheni kuna kikapu cha vitu vya kuweka kwenye waya uone kama vinapitisha umeme, kuna sarafu, penseli, kifutio, na kuna mbwa. Mbwa! Basi kipindi kizima cha dakika 40 kiliishia kwa mbwa, kila kundi linamuunga mbwa na betri, wengine wanachoma betri kwa makusudi ili waone moto, kicheko mpaka mwalimu wa jirani akaja kuchungulia. Nikitoka pale hakuna mtoto hata mmoja aliyejua zaidi ya alichoingia nacho, ila kila mtu alisema somo lilikuwa tamu sana.

Tangu siku hiyo nina sheria moja, hakuna kugusa kabla ya kuandika. Muombe hedimasta hiyo dhahabu yake kwa kipindi kimoja, laptopu moja, ukuta mweupe. Chora ubaoni betri ya volti 9 na balbu mbili zenye ukinzani wa omu 10 kila moja, zimefuatana kwenye waya mmoja. Weka ameta tatu (vipimo vya mkondo wa umeme), moja kabla ya balbu ya kwanza, moja katikati, moja baada ya balbu ya pili. Halafu waambie kila mtu aandike namba tatu kwenye karatasi yake, kwa kalamu ya wino si penseli, hizo ameta zitasoma ngapi. Usisaidie. Pita kati ya madawati uchungulie na nakuhakikishia utaona kitu hiki kimeandikwa kwa mikono tofauti tofauti: ya kwanza kubwa, ya katikati ndogo, ya mwisho ndogo zaidi, kwa sababu kichwani mwao balbu ya kwanza inakula umeme kisha inamwachia mwenzake makombo, kama watoto wanavyopakuliwa posho jikoni aliye nyuma ya mstari anapata ukoko.

Uliza, wangapi wamesema zinapungua? Mikono juu, hesabu, andika ubaoni. Wangapi wamesema zinalingana? Andika. Kisha waache wabishane na jirani dakika tatu, kelele ya aina hiyo usiizime. Ndo sasa unawasha. Ameta ya kwanza 0.45, ya katikati 0.45, ya mwisho 0.45.

Hapo utasikia ule ukimya. Kuna mvulana mmoja kwangu alisimama akasema ticha hiyo mashine imeharibika! Nikamwambia njoo uitengeneze mwenyewe, akahamisha ameta huku na huku, 0.45 kila mahali, akarudi kukaa polepole. Sasa ndo unawauliza, kama mkondo haupungui, basi kinachotumika ni nini? Pima volti kwenye kila balbu, 4.5 na 4.5, zikijumlishwa ni zile 9 za betri. Halafu waandike tena kabla ya kugusa, je tukiziunga sambamba, kila balbu na njia yake kutoka kwenye betri? Kila balbu inapata 0.9 na betri inatoa 1.8, na hapo ndo wanaelewa kwa nini nyumbani ukizima taa ya sebuleni ya jikoni haizimiki.

Ila usiwaache na skrini peke yake maana skrini nayo inadanganya kidogo. Zile doti za buluu zinazokimbia kwenye waya zinamfanya mtoto aamini elektroni zinakimbia kama boda ya kwenda Koboko, kumbe ndani ya waya wa shaba wa kawaida zinasogea polepole mno, hata milimita moja kwa sekunde hazifiki mara nyingi, ila zinaanza kusukumwa zote karibu kwa pamoja. Na balbu uliyoipa omu 10 inakaa omu 10 milele, wakati balbu ya tochi ya kweli ikipata moto ukinzani wake unapanda mara kadhaa. Kwa hiyo kipindi kinachofuata leta betri za tochi, balbu, waya na plasta, waunge kwa mikono. Mwaka 2005 watafiti wa hapohapo Colorado walitoa matokeo ya wanafunzi wa chuo, kundi moja walijifunza saketi kwa vifaa vya kweli na jingine kwa simulesheni, baadaye wote wakapewa waya na balbu halisi waunge na waeleze kinachotokea, na waliotoka kwenye skrini ndo waliofanya vizuri zaidi, hata kwenye kule kuunga kwa mikono. Mimi siyasomi hayo kama ruhusa ya kufunga maabara. Nayasoma kwamba mtoto akishaona kwa macho kinachopita ndani ya waya, mkono wake hauhangaiki sana akishika waya wenyewe.

Zile mashine 6 zitumie baadaye kwa zamu, watoto wanne kwa mashine, 24 wanaingia, 60 wanabaki na betri za tochi. Anayeshika mausi asiwe ndiye anayetoa amri, mmoja anasema, mwingine anashika, mmoja anaandika, mmoja anapinga. Huyo wa kupinga usimsahau.

"Mwalimu, kijana wangu yuko S.2. Likizo anashinda kwa mjomba wake mwenye laptopu, akirudi anasema alikuwa anasoma kemia. Juzi nikapita kuchungulia, naona anasukuma vidoti vinarukaruka kwenye boksi. Mimi sikusoma sana lakini mchezo naujua nikiuona." (Mama wa Kasese)

Mama, macho yako ni mazuri, anacheza kweli. Na dakika kumi za kwanza mwache acheze, hata wale waliotengeneza hizo simulesheni wanashauri mtoto aachwe kwanza azizoee. Tatizo ni saa ya pili. Vile vidoti nadhani ni chembe za gesi, na wewe huhitaji kemia kumkamata. Kaa karibu yake muulize, baba, hili boksi ukilibana likabaki nusu na joto likawa lilelile, hivyo vidoti vitagonga ukuta zaidi au pungufu? Muda wote mkono wake usiguse mausi. Akijibu muulize kwa nini, ndipo abane. Kama amesoma kweli atakwambia presha itakuwa mara mbili na atakuonyesha kipimo. Kama alikuwa anacheza utaona anavyokimbilia kubonyeza kabla hujamaliza swali.

"Kaka mimi ni mwalimu wa hesabu Busia. Simulesheni naona zote ni za fizikia na kemia, sisi wa hesabu tumeachwa? Nikifundisha uwezekano watoto wanakariri fomula tu, hawaamini." (Wa Hesabu, Busia)

Hamjaachwa bwana! GeoGebra ipo tangu mwanzo wa miaka ya 2000, aliianzisha Markus Hohenwarter akiwa chuo cha Salzburg kule Austria, ya bure, unavuta mstari unaona mlinganyo wake unabadilika palepale. Lakini kwa uwezekano mimi nisingekwenda huko hata. Wewe nenda stejini kwa watu wa boda.

Umeshawahi kukaa na wale jamaa wakicheza ludo mchana abiria wakiwa hawapo? Kuna mmoja anarusha dadu, anatafuta sita atoe kete nyumbani, anarusha mara ya tano, ya nane, ya kumi, sita haiji, anaapa kwamba dadu imerogwa au mwenzake ana mkono mbaya. Leta swali hilohilo darasani: mtu kukosa sita mara kumi mfululizo ni ajabu au ni kawaida? Waandike kwanza, kati ya watu 100 wangapi watapatwa na hilo. Wengi wataandika mmoja, wawili, wengine sifuri.

Halafu kila mtoto arushe dadu ya kweli mara kumi, kama huna dadu kata vipande sita vya karatasi, andika namba, tia kwenye kikombe, chomoa, rudisha, tikisa. Kwenye darasa la 60 watakaokosa sita kabisa watakuwa kama kumi hivi, saa nyingine saba, saa nyingine kumi na mbili. Wasimame. Darasa litashangaa. Sasa fungua Excel au ile ya bure ya LibreOffice, kwenye seli ya kwanza andika =RANDBETWEEN(1,6), ivute upande wa kulia mpaka ziwe kumi, kisha ivute chini mpaka mistari 1000. Hiyo ni sawa na watu elfu moja wa boda wanaorusha dadu kwa sekunde moja. Mwisho wa kila mstari weka COUNTIF ya kuhesabu sita, halafu hesabu mistari mingapi ina sifuri. Utapata 158, bonyeza F9 zinarushwa upya, 170, bonyeza tena, 155. Inacheza cheza lakini haikimbii mbali, na hapo ndo unaandika ubaoni ile fomula waliyokuwa wanaikariri, tano juu ya sita kipeo cha kumi, inatoka 0.16, yaani karibu watu 16 kati ya 100. Fomula ikija mwisho wanaipokea kama mgeni waliyekuwa wanamsubiri.

Na ndo hivyo hivyo mambo ya kuirushisha kompyuta dadu yalianza, mwanahesabu Stanislaw Ulam mwaka 1946 alikuwa anaugua yuko nyumbani anacheza karata peke yake, akajiuliza uwezekano wa kushinda ni kiasi gani, hesabu zikawa ngumu, akaona afadhali mashine icheze mara nyingi ihesabu. Yeye na John von Neumann wakalipeleka wazo hilo kwenye kazi zao za nyuklia kule Los Alamos. Mchezo wa mgonjwa huo.

"Mimi ni mkuu wa taaluma shule moja Masaka. Tangu mtaala mpya uanze 2020 tunapeleka alama za shuleni, asilimia 20 ya UCE, ule mtihani wa taifa wa S.4, inatoka kwetu. Sasa walimu wangu wa sayansi wameanza kunipa alama za kazi za simulesheni na watoto wote wana 9 kwa 10. Wote, hata wale ninaowajua. Nifanyeje?" (Mkuu, Masaka)

Mkuu, hizo tisa ni za kweli na hazina maana. Kwenye simulesheni kila mtu anafika, anasukuma hiki, anasukuma kile, anabahatisha mpaka kitu kinakubali, halafu ticha anasahihisha jibu la mwisho. Ni kama kumpa maksi mtu kwa kufika Kampala bila kuuliza kama alipita Mpigi au alizunguka Mubende.

Wenzetu walilikuta hilo mapema. Marekani mwaka 2009 kwenye mtihani wao wa taifa wa sayansi waliwapa watoto kazi za kufanya kwenye kompyuta, madarasa ya 4, 8 na 12, na kilichoonekana ni kwamba watoto waliweza vizuri sehemu za kutazama na kusoma data chache, ila kwenye kuchagua wenyewe wabadilishe nini, au kueleza hitimisho lao kwa ushahidi, wengi waliteleza. Halafu PISA ya 2015, ule mtihani wa kulinganisha watoto wa nchi mbalimbali, ilikuwa na swali la mtu anayekimbia kwenye joto, mtoto anachagua joto la hewa, unyevu, na kama mkimbiaji anakunywa maji au hapana, anabonyeza anaona jasho, maji yaliyopotea na joto la mwili, kila jaribio linajiandika kwenye jedwali, na anatakiwa achague mistari miwili ya jedwali inayothibitisha jibu lake. Hapo kwenye mistari miwili ndo penye mtihani. Jibu anaweza kubahatisha, ushahidi ni vigumu.

Na hili unaweza kulifanya bila kompyuta hata moja siku ya mtihani. Mwalimu akae na ile simulesheni ya pendulamu, yaani jiwe linalobembea kwenye uzi, jioni moja, achape karatasi yenye majaribio mawili tu. La kwanza, uzi wa mita 0.5, jiwe la kilo 0.5, kwenda na kurudi sekunde 1.42. La pili, uzi wa mita 1.0, jiwe la kilo 1.5, sekunde 2.01. Halafu swali: Okello anasema jiwe zito linachelewesha, ana haki ya kusema hivyo kutokana na majaribio haya? Na kama ungeruhusiwa jaribio moja tu la tatu ungefanya lipi, unategemea kuona nini? Mtoto aliyeelewa ataona Okello amebadilisha vitu viwili kwa mpigo, ataomba uzi wa mita 1.0 na jiwe la kilo 0.5, na atasema kama ni 2.01 ileile basi uzito hauhusiki. Yule wa kubahatisha ataandika "ndiyo kwa sababu jiwe ni zito". Sahihisha hiyo uone kama bado wote wana tisa.

Ukitaka kazi ya mashine yenyewe, kwenye hiyohiyo pendulamu kuna sehemu ya kuchagua mvutano, kuna Mwezi, Dunia, Jupita, na kuna sayari imeandikwa X ambayo namba yake imefichwa. Mwambie mtoto atafute mvutano wa sayari X na aandike kila jaribio alilofanya, hata lililoharibika. Maksi gawanya: alitabiri nini kabla, alibadilisha kimoja kimoja, alirudia mara ngapi, na jibu. Jibu lipewe maksi chache kuliko zote. Kwa sababu kundi la kwanza likitoka mlangoni jibu la sayari X litakuwa limefika mpaka jikoni, lakini karatasi ya majaribio yake haikopeki kirahisi.

Jambo moja walimu wako wanalisahau nadhani, mtoto ambaye hajawahi kushika mausi atapoteza dakika kumi akitafuta mshale uko wapi, na wewe utaandika kwamba hajui fizikia. Mpe zoezi la kuzoea siku moja kabla.

"Nilipita Ikweta pale Kayabwe, vijana wana mabeseni, maji yanazunguka kulia upande huu na kushoto upande ule, katikati yanashuka moja kwa moja. Hiyo si ndo simulesheni ya bure ya mzunguko wa Dunia?" (Msomaji, Entebbe)

Ni maonyesho ya bure, si zaidi, na vijana wanajitafutia riziki wala siwagombezi. Hatua chache kutoka kwenye mstari, kwenye beseni dogo, nguvu ya mzunguko wa Dunia ni ndogo mno kushinda namna ulivyomimina maji au ulivyogeuka nalo. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa chuo cha MIT, Marekani, alilitafuta jambo hilo kwa uzito, mbali na Ikweta, na tangi la upana kama mita 1.8, akayaacha maji yatulie saa 24 kabla ya kufungua tundu, kazi yote hiyo ili mzunguko wa Dunia uonekane. Ukitaka kujua, siku nyingine mwambie kijana akupe beseni umimine mwenyewe ukizungushia upande unaoutaka.

"Shikamoo mwalimu. Niko S.4 Mbale. Tulifanya pendulamu kwenye kompyuta nikapata mvutano wa Dunia 9.8 vizuri kabisa. Maabara, uzi na jiwe la kweli, nimefanya mara tatu napata 10.8, 10.9, 10.8. Rafiki zangu wanapika matokeo wanaandika 9.8. Ticha anasema mkono wangu mbaya. Mtihani hauna kompyuta, naogopa." (Binti wa S.4)

Marahaba binti yangu, na barua yako ndo iliyonifurahisha kuliko zote. Kwanza usipike. Pili mkono wako si mbaya, mkono mbaya unatoa 9.1 leo na 10.6 kesho, wako unatoa kitu kilekile kila siku, maana yake kuna kosa moja lenye tabia na linajirudia.

Nikakaa nikajiuliza kosa gani linampa mtu 10.8. Kwanza nikafikiria labda umeachia jiwe kutoka mbali sana, lakini ukiachia kutoka nyuzi 60 pendulamu inachelewa kama asilimia 7, na ikichelewa mvutano unatoka mdogo, wewe wako ni mkubwa. Nikafikiria urefu wa uzi, labda umepima mpaka kwenye fundo badala ya katikati ya jiwe, lakini nadhani mmechora grafu ya kipindi (muda wa kwenda na kurudi mara moja) kipeo cha pili dhidi ya urefu, na kosa la namna hiyo linahamisha mstari tu, mteremko unabaki vilevile. Basi nikachukua uzi wangu hapa mezani na kifundo cha funguo nikafanya kama wewe.

Binti, unapoachia jiwe unasema nini? Nakisia unasema "moja". Jiwe linatoka mkononi, wewe unabonyeza saa na unasema moja, likirudi unasema mbili, mpaka ishirini unazima saa. Sasa hesabu tena, umefika ishirini lakini jiwe limekwenda na kurudi mara 19 tu. Umegawa muda wa mara 19 kwa 20, kipindi kimetoka kifupi, na ukikipandisha kipeo cha pili mvutano unakuwa mkubwa kwa karibu asilimia 11. Hapa kwetu karibu na Ikweta mvutano ni kama 9.78, zidisha na 20 juu ya 19 kipeo cha pili, unapata 10.8. Namba yako hiyohiyo.

Kwenye kompyuta halikuonekana kwa sababu mle ndani kuna saa inayojianza na kujizima yenyewe ikipima kipindi kimoja, haikukupa nafasi ya kukosea, ndo maana pia haikukufundisha kuhesabu. Kesho chukua uzi, achia jiwe bila kuwasha saa, liache libembee mara mbili tatu litulie, halafu likipita katikati kwenye alama yako sema "sifuri" na ubonyeze. Kila likirudi palepale kwa upande uleule ongeza moja mpaka ishirini. Fanya kwa nyuzi tano za urefu tofauti, chora grafu yako, na uniandikie umepata ngapi.